Namba ya Kitabu na Ufikivu Huria: Mfano wa Tafiti za Lugha za Kilosa

1.0 Utangulizi
Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, huzungumzwa Kividunda na Kisagara, lugha za Kibantu ambazo katika uainishaji wa Guthrie ni G38 na G39. Mtafiti anayekusanya msamiati wa lugha hizo huko Mikumi huwa na deni: kitabu chake kimfikie aliyempa maneno. Makala haya yanafafanua kwamba kitabu kuwa na namba ya ISBN na kitabu kuwa huria ni mambo mawili tofauti, na kwamba deni hilo hulipwa kwa yote mawili.

2.0 Namba ya ISBN
Namba hii hutambulisha toleo la kitabu. Haithibitishi ubora wake wala haitoi ruhusa ya kukisoma. Tangu Januari 1, 2007 ina tarakimu 13 badala ya 10, katika sehemu tano: kitangulizi 978 au 979, kundi la nchi au lugha (kwa Tanzania 9976 au 9987), mchapishaji, chapisho, na tarakimu moja ya uhakiki. Nchini Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa kuwa kinachotambulishwa ni toleo, nakala ya karatasi, ya PDF na ya EPUB kila moja huhitaji namba yake. Zikipewa namba moja, msomaji anayetafuta nakala ya bure huelekezwa kwenye nakala ya kununua.

3.0 Ufikivu huria
Tamko la Budapest la mwaka 2002 linaueleza ufikivu huria kuwa ni uhuru wa kusoma, kupakua, kunakili na kusambaza bila malipo, mradi mwandishi atambuliwe. Uhuru huo hutokana na leseni, wala si kwa faili kuwekwa mtandaoni tu. Leseni ya CC BY humruhusu mwalimu wa Mikumi kurekebisha tahajia ya orodha ya maneno ya Kividunda na kuwagawia wanafunzi wake. Chini ya CC BY-ND anaweza kuisambaza ilivyo, lakini si toleo alilolirekebisha.

Leseni ikishatolewa haifutiki kwa waliokwisha kuipokea. Kwa hiyo ridhaa ya wazungumzaji iombwe uwandani, kabla ya kurekodi, kwa maelezo ya wazi kwamba maneno na masimulizi yao yataweza kusomwa na yeyote.

4.0 Hitimisho
Kabla ya kutia saini mkataba, mtafiti aulize mambo matatu: nani anabaki na hakimiliki, ni leseni ipi itakayochapishwa ndani ya kitabu, na iwapo kila umbo la kitabu lina namba yake. Kitabu kisicho na namba ni vigumu kuorodheshwa maktabani. Kisicho na leseni huria kinaweza kuorodheshwa kote na bado kisisomwe Kilosa.