Kamba Hupotwa, Ukambaa Husukwa

Hivi karibuni nilikuwa Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, nimefuatana na mwanangu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Tulimkuta mzee mmoja kaketi chini ya mnazi, fungu la usumba liko ubavuni pake.

"Shikamoo, babu," kijana alisema. "Unafanya nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Napota."

Kijana akaninong'oneza: "Baba, huyu mzee anasema amepotea?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Kosa si lake. Ni letu sisi tuliomfundisha neno moja tu, kusuka, kwa kila kazi ya nyuzi na majani.

Hebu tupambanue. Kusuka ni kupishanisha: jani moja la ukindu juu, jingine chini, mpaka upate ukili wa mkeka. Ndivyo zisukwavyo nywele pia. Kupota ni kuzungusha. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani mpaka yalainike, kisha hupondwa ukatoka usumba. Usumba husokotwa uwe nyuzi, na nyuzi mbili au tatu huzungushwa pamoja kwa upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Kila uzi unataka kufumuka, na mwenzake unauzuia. Hiyo ndiyo nguvu ya kamba.

Neno hili si la Mchinga peke yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo. Limezaa upote, yaani uzi wa upinde; limezaa pia kupotoa na kupotoka. Mtu mwenye mwenendo mbaya tunamwita mpotovu, kama kamba iliyokwenda kombo. Basi kila siku tunakemea upotovu, na mzazi wa neno hilo hatumjui!

Tazama pia methali yetu: Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ukambaa ni ugwe wa majani yaliyosukwa. Kamba ni usumba uliopotwa. Asiyejua tofauti hiyo ataikariri methali, lakini hataona kwa nini kitu kikuukuu kinakishinda kipya.

Mtaniambia: siku hizi wavuvi hununua nailoni dukani, ya nini kuhangaika na makumbi? Siwalaumu wavuvi, nailoni haiozi upesi. Lakini chukua kamba ya nailoni ya nyuzi tatu, uifumue nchani. Utaona imepotwa vile vile, ila kwa mashine. Kazi ingalipo, neno ndilo tunalolitupa.

Basi mzazi, ukimwona mwanao ameshika kamba, muulize: hii imesukwa au imepotwa? Akishindwa kujibu, kaeni pamoja muifumue.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.