Nondo Alipaye Mahari kwa Sumu

Msomaji, ukitajiwa Laare, bila shaka fikira zako hukimbilia miraa. Si ajabu, kwani mji huo mdogo wa Igembe, katika milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru, huamka na kulala na biashara hiyo. Lakini siku utakaposhuka kwenye matatu iliyokutoa Maua, hebu viache kidogo vifurushi vya miraa, utazame kando ya barabara na mipakani mwa mashamba. Tafuta mmea wa porini wenye maua ya manjano yaliyo na umbo kama la maua ya maharagwe. Huo ni wa jamii ya marejea, ambayo wataalamu huiita Crotalaria. Ukoo huu una aina zaidi ya 600, na nyingi ni za Afrika. Mitoo, ile mboga maarufu ya magharibi mwa Kenya, ni ndugu yake.

Vunja ganda moja lililokauka. Kabla hujalivunja, litikise: litalia kama kayamba, kwa kuwa mbegu zimelegea ndani. Aghalabu utakuta ganda limetobolewa. Mwizi ni nani? Ni kiwavi mweusi mwenye vinyweleo, mistari myeupe na vidoa vya rangi ya machungwa. Akikomaa huwa nondo mdogo mweupe, mwenye madoa mekundu na meusi mabawani. Jina lake la kitaalamu ni Utetheisa pulchella.

Nondo wengi huruka usiku na kujificha mchana. Huyu hupeperuka juani bila wasiwasi, kana kwamba hana adui duniani. Jeuri hiyo anaitoa wapi?

Anaitoa kwenye chakula chake. Mimea mingi ya jamii ya marejea ina sumu, hasa katika mbegu. Mnyama akiila, sumu hiyo huharibu ini. Kiwavi yeye huila, akaihifadhi mwilini, na akigeuka nondo huwa nayo bado. Rangi zake kali ni onyo: mimi ni mchungu, niache!

Thomas Eisner, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyefariki mwaka 2011, alimchunguza ndugu wa nondo huyu anayeishi Florida. Aliona jambo la ajabu. Nondo akinasa kwenye utando, buibui humkaribia, akamwonja, kisha hukata nyuzi moja moja na kumwachilia aende zake! Lakini nondo waliolelewa kwa chakula kisicho na sumu waliliwa bila huruma.

Si hayo tu. Dume anapomtaka jike, hutoa harufu inayotengenezwa kutokana na sumu hiyo hiyo. Wakipandana, humkabidhi jike sehemu ya akiba yake, naye jike huitia ndani ya mayai, kusudi wadudu walao mayai wayaepuke. Wazee wa Meru wanajua uzito wa mahari. Nondo huyu naye hulipa yake, nayo huwalinda watoto.

Sasa tugeukie nyumbani kwako, mzazi. Likizo zikifika, watoto hupelekwa mashambani, nako huyachezea maganda haya yanayolia. Wacheze, lakini wasitie mbegu mdomoni. Wala usimruhusu mtu kukupikia dawa ya majani ya porini asiyoyajua barabara. Huko Jamaica, katika miaka ya 1950, madaktari walieleza jinsi watoto walivyougua ini kutokana na chai ya kienyeji iliyochemshwa kwa mimea ya aina hii. Mitoo ya sokoni ni jambo jingine. Hiyo ni mboga iliyopandwa na kujulikana.

Mfugaji naye ajihadhari. Mtu wa Laare anajua kuwa miraa ikikauka hupoteza makali. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba. Asidhani marejea ni vivyo hivyo. Sumu yake hubaki hata kwenye nyasi zilizokaushwa. Wakati wa kiangazi, chambua lishe ya ng'ombe kabla ya kuitupa horini.

Je, ufyeke yote na kuyapulizia dawa? La. Mizizi ya mimea hii ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi, kama ilivyo kwa kunde na maharagwe. Iache mpakani, mbali na mifugo.

Nawe mwanafunzi, chukua kiwavi mmoja pamoja na tawi lake, umtie kwenye chupa yenye mdomo mpana, uifunike kwa kitambaa chepesi. Badilisha majani kila siku, na unawe mikono kila ukimaliza. Atajigeuza bundo, na baadaye nondo atatoka. Mwachilie mchana, kisha uangalie kama kuna ndege atakayethubutu kumgusa.