Irabu Mbili za Kimeru na Usanifu wa Simu ya Mkono

Chombo cha mawasiliano hudhaniwa kuwa hakina upendeleo. Mfano wa Kimeru waonyesha kwamba dhana hiyo yafaa ichunguzwe upya.

Kimeru kina irabu saba. Pamoja na zile tano zilizomo katika Kiswahili, zipo mbili ziandikwazo ĩ na ũ. Alama iliyo juu ya herufi hizi si pambo, bali hutenga fonimu moja na nyingine. Hata jina la lugha huweza kuandikwa kwa herufi hizo: Kĩmĩrũ.

Tuchukue mkulima wa Kianjai, katika Tigania, atakaye kumpelekea mwanawe aliye Nairobi ujumbe mfupi wa herufi 100. Ujumbe mmoja katika mfumo wa GSM una biti 1120. Herufi zilizomo katika jedwali la msingi la mfumo huo huchukua biti 7 kila moja. Kwa hiyo ujumbe huweza kubeba herufi 160. Jedwali hilo, ambalo lilitungwa Ulaya, lina nafasi 128. Ndani yake mna ñ, ø, ß, na hata herufi za Kigiriki kama Δ na Ω. Lakini hamna ĩ wala ũ. Herufi moja tu ya nje ikiingizwa, kwa kawaida ujumbe wote huandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hupungua hadi herufi 70.

Hivyo basi, ũ moja yatosha kuugawa ujumbe wa mkulima huyo sehemu mbili, na palipo na malipo kwa kila sehemu, gharama huwa maradufu. Akiziacha alama, hulipa mara moja. Ni dhahiri kwamba anayeandika "Kimiru" si lazima awe hajui othografia ya lugha yake. Huenda chombo ndicho kilichomfunza kuipunguza.

Madhara yake hayaishii hapo. Msomaji mzawa hutambua neno kwa muktadha. Lakini mtoto anayejifunza kusoma, au mashine ya kusoma maandishi kwa sauti, huona irabu tano mahali pa saba.

Wanazuoni wa Kiswahili huenda wasiihisi tatizo hili, kwa kuwa othografia sanifu ya Kiswahili haihitaji alama juu ya irabu. Hata hivyo, dawa yake ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kiufundi. Mfumo wa Unicode una herufi zote mbili, na ujumbe upitao katika intaneti haufungwi na kikomo cha herufi 70. Lililobaki ni usanifu: ĩ na ũ ziwekwe wazi penye vitufe, na anayetafuta "Kimiru" aonyeshwe pia "Kĩmĩrũ". Msanifu aanze kwa kuhesabu fonimu za lugha, ndipo ahesabu vitufe.