Raba Mbele, Kicheko Nyuma

Kwenye picha nyingi za bendi za wavulana za mwishoni mwa miaka ya 1980, zile za kukunjuliwa katikati ya gazeti, zenye matundu ya pini pale zilipobanwa, jicho hutua kwanza kwenye raba. Mpigapicha kachutama na lenzi pana, na lenzi pana hukuza kilicho karibu: raba za kufunika kifundo cha mguu zinakaribia kuwashinda wenyewe ukubwa. Juu yake jinzi zilizochanika magotini, chepeo zimegeuzwa nyuma, wavulana wanasukumana, mmoja kabebwa mgongoni.

Mchezo ule una kazi. Mavazi yale yalitoka mitaa ya vijana Weusi. Mwaka 1986 Run-D.M.C., marapa wa Hollis jijini New York, walitoa wimbo wa kuzisifu raba za Adidas, nao pichani walikunja mikono kifuani, nyuso kavu, raba hazina kamba. Ukavu ule ulikuwa heshima yao. Huko Boston, mtayarishaji wa muziki Maurice Starr alikuwa ameshawatoa New Edition, vijana Weusi wa Roxbury. Alipoachana nao, mwaka 1984 akaanza kukusanya vijana Wazungu wa Dorchester, wakawa New Kids on the Block. Mtindo ulikuwa uleule wa mtaani, ila ukavu ukaondolewa, kikawekwa kicheko, na bango likabandikwa chumbani kwa binti wa miaka 12 bila mzazi kushtuka. Naliona hilo kama deni: walioubuni mtindo hawakuvuna sawa na waliouvaa.

Kicheko humsaidia pia mpigapicha. Kila shabiki ana kipenzi chake, kwa hiyo hakuna sura inayoruhusiwa kufichika. Watano wakisimamishwa wima wanakuwa kama picha ya pasipoti. Wakichekeshwa, huyu anainama, yule anaruka, na kila uso unapata pa kukaa.

Kinachonigusa kuliko vyote ni jalada la No Strings Attached, albamu ya bendi ya wavulana ya NSYNC iliyotoka 21 Machi 2000. Watano wananing'inia kwenye nyuzi kama vikaragosi. Walikuwa wametoka kuvutana mahakamani na meneja wao, Lou Pearlman, wakidai amewapunja. Kwetu, kumwita mtu kikaragosi ni tusi: anachezeshwa na mwingine. Wao walijivika tusi hilo wenyewe, mbele ya kamera, wakaipa albamu jina linalosema nyuzi hazipo tena. Marekani peke yake, wiki ya kwanza, ziliuzwa nakala milioni 2.4.