Shavu la Upande wa Kivuli

Wateja wangu wengi wakiona picha ambayo upande mmoja wa uso umeingia kivulini, hudhani nimewapunja. Siwalaumu. Tumezoeshwa na picha za pasipoti: ukuta mweupe, flashi usoni, masikio yote mawili yaonekane. Afisa uhamiaji anaridhika. Lakini flashi inayotokea pale pale ilipo lenzi hufuta vivuli, na vivuli vikifutika, pua inalala na mashavu yanakuwa bapa.

Nje nako, saa sita mchana, hakuna nafuu. Jua likikaa utosini, paji la uso linawaka na macho yanazama shimoni.

Kwa hiyo mimi kazi yangu naifanyia mlangoni. Nyumba za Kiswahili, kama zile za Magomeni, zina ukumbi mrefu unaoanzia mlango wa mbele. Namkalisha mtu kwenye kigoda, hatua mbili ndani, jua lisimguse. Mwanga unaomfikia umeshagonga barabara na kuta za majirani, umelainika. Kisha namwambia, “Mama, geuka kidogo, taratibu, hapo hapo.” Macho yangu yako kwenye shavu lililo mbali na mlango. Pembetatu ndogo ya mwanga ikijitokeza chini ya jicho, nabonyeza. Mafundi huuita mwanga wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, maana nyuso alizochora mara nyingi zimeangazwa hivyo. Giza likizidi, mtoto wa nyumba anashika shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga. Jeupe, jamani! Kanga nyekundu itampaka mama wa watu wekundu shavuni.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada. Kivuli peke yake hakitoshi kuuchonga uso. Kazi kubwa inafanywa na mng'ao wa kwenye paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Balbu tupu huacha vidoa vikali kama jasho. Mlango mpana huacha utepe mrefu wa mwanga unaofifia polepole, na humo ndimo umbo la uso linamoonekana. Poda nyingi huua utepe huo, ndiyo maana huwa naomba ipunguzwe, na ndiyo maana huwa nanuniwa.

Vifaa navyo havikututendea haki. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Hata hivyo Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na ngozi za watu wake zina uhai hadi leo.

Kamera huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa na weupe wa wastani. Msimamishe mtu mweusi tii mbele ya ukuta wa chokaa, kamera itaufuata ukuta na uso utazama. Ukitumia simu, gusa uso kwenye kioo. Hapo itakosea upande wa pili, imng'arishe kupita kiasi. Buruta alama ya jua chini kidogo kidogo mpaka uione rangi yake mwenyewe. Ukuta ukibaki mweupe pe, uache.