Je, Wajua? Theluji ya Barabarani Yapoza Wodi

Je, wajua kuwa miaka ya 1840, huko Apalachicola, Florida, daktari John Gorrie alining'iniza barafu karibu na dari ili hewa baridi iwashukie wagonjwa wake wa homa? Barafu hiyo ilitoka mbali, kwa meli. Basi akaunda mashine ya kuitengeneza mwenyewe, na mwaka 1851 akapewa hataza!

Msomaji wa pwani, hili ni lako. Hospitali ya Royal Victoria mjini Belfast, iliyofunguliwa 1903, ilisafisha hewa ya wodi zake kwa kamba za makumbi ya nazi! Feni kubwa zilisukuma hewa kupitia kamba hizo zikiwa zimelowa maji, ikaingia ndani safi na yenye unyevu wa kutosha. Aliyetengeneza feni hizo, Samuel Davidson, alikuwa mkulima wa chai Assam. Wengi hulitaja jengo hilo miongoni mwa ya kwanza duniani kuwa na kiyoyozi.

Na Sundsvall, Sweden? Tangu 2000 hospitali ya huko inapozwa kwa theluji. Majira ya baridi hurundikwa makumi ya maelfu ya mita za ujazo, nyingine ikiwa imezolewa barabarani, kisha hufunikwa kwa vibanzi vya mbao. Kiangazi kikifika, maji yanayoyeyuka huenda kupoza hospitali, halafu hurudi kwenye theluji yapoe upya. Naam, theluji inadumu hadi kiangazi!

Hospitali kuu ya Tahiti haina theluji, ila ina bahari. Bomba linashuka mita 900 na kuleta maji ya nyuzi 5 tu. Baridi hiyo ipo huko chini mchana na usiku, kinachohitajika ni pampu.

Sasa jiandae kukunja pua. Hospitali ya Toronto Western, Kanada, imeligeukia bomba la majitaka la jiji: mradi wake umebuniwa kutosheleza hadi asilimia 90 ya mahitaji ya kupasha joto na kupoza. Nazo hospitali za Gundersen za Wisconsin, Marekani, tarehe 14 Oktoba 2014 zilizalisha nishati nyingi kuliko zilizotumia, na samadi ya ng'ombe ilikuwemo katika vyanzo vyake!

Jirani zetu wa Rwanda wana Butaro, iliyofunguliwa 2011. Wodi zake hazitegemei kiyoyozi: madirisha yamepangwa juu na chini, feni pana zinavuta hewa, na kila mgonjwa anatazama nje. Kwangu mimi, hii ndiyo hospitali nzuri kuliko zote nilizozitaja.

Na penye kiyoyozi je? Kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha tu. Joto linalotupwa nje ya paa laweza kupasha maji ya kufulia mashuka ya wodi iliyopozwa. Pampu ya joto, mashine inayofanya kazi hiyo ya kuhamisha, kwa uniti moja ya umeme, huhamisha uniti tatu za joto au zaidi!

Sasa kaa vizuri. Punguza kasi ya feni kwa asilimia 20 tu, na umeme wake unashuka karibu nusu. Ipunguze hadi nusu, inakula sehemu moja ya nane! Viwango vya Marekani vinataka hewa ya chumba cha upasuaji ibadilishwe mara 20 kwa saa, lakini chumba kikiwa kitupu vinaruhusu kupunguza, mradi tofauti ya shinikizo la hewa na vyumba jirani ibaki ileile.

Wewe unayesimamia hospitali, muulize fundi wako leo: usiku, vyumba vya upasuaji vikiwa vitupu, feni zetu zinazunguka kwa kasi gani?