Baiskeli ya kwendea kazini: kinachokushinda siyo umbali

Leo tuongelee baiskeli. Siyo ile ya mashindano, naongelea hii ya kawaida ya kwendea kazini, chuoni au sokoni. Kila mtu ana mshkaji aliyenunua baiskeli kwa mbwembwe, akapiga nayo wiki mbili, sasa hivi imeegemea ukutani inaanikiwa nguo. Ukimuuliza vipi, anakwambia "mbali bwana!" Mimi nasema mara nyingi umbali unasingiziwa tu. Kinachowashinda watu ni baiskeli isiyowekwa sawasawa, na woga wa barabara unaotokana na kutojua dereva wa gari anakuonaje. Vyote viwili vinarekebishika, tena kwa hela ndogo.

Tuanze na hesabu. Mtu akitembea kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli, bila kukimbizana na mtu, unakwenda 15. Kutoka Ubungo mpaka Posta ni kama kilomita 10, kwa hiyo weka dakika 40. Hapo hujasubiri kituoni, hujagombania mlango, na foleni haikuhusu. Kwenye hela, tuseme nauli yako ni shilingi 600 kwa safari moja na unatoka siku 26 kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni 31,200. Kama unaunganisha magari mawili, ni 62,400. Badilisha namba uweke za kwako, halafu uone kwa mwaka inafika wapi.

Sasa baiskeli ipi? Phoenix na ndugu zake wa tairi namba 28 ni ngumu na zinabeba mzigo wowote, ndiyo maana mikoani zimetawala. Lakini ni nzito na hazina gia, mlima kama wa Kimara utausukuma kwa mguu. Za mtumba zenye gia ni nyepesi zaidi. Angalia kitu kimoja: zile zenye tairi za meno makubwa na springi mbele na nyuma zinavutia macho, ila kwenye lami zinakula nguvu zako bure. Meno yanasugua barabara, na springi inameza sehemu ya nguvu unayokanyagia. Kwa mjini chukua tairi laini na fremu isiyo na springi.

Ukishanunua, kitu cha kwanza ni siti. Wengi wanaiteremsha chini ili miguu yote ikanyage ardhi wakisimama. Unajisikia salama, lakini magoti yanakunjwa mno kila mzunguko, na baada ya siku chache yanauma. Hapo ndipo mtu anasema baiskeli imemshinda! Fanya hivi: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiendesha unakanyagia sehemu ya mbele ya unyayo, kwa hiyo goti litabaki limekunjika kidogo tu. Ni kazi ya spana moja, hata fundi wa chini ya mwembe anakufanyia dakika mbili.

Pili, upepo. Tairi lililolegea linajibonyeza chini muda wote, na wewe ndiye unayelipia kwa mapaja yako. Tena ukipiga shimo, rimu inaibana tyubu na pancha inakuwa ya matundu mawili. Weka upepo kila wiki hata kama tairi linaonekana zima. Cheni nayo ipanguse vumbi, uitie oili kidogo, halafu ufute inayobaki nje, maana oili ikizidi inakamata mchanga na mchanga unakula meno ya friwili.

Tatu, breki, na hapa sitaki utani. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu ukisimama uzito wote unakwenda mbele. Ndiyo maana watu wanaiogopa: ukiikamata ghafla unaruka juu ya usukani. Ila kuiondoa kabisa, kama wengine wanavyofanya, ni kujitafutia msiba. Kamata zote mbili pole pole, huku mwili unaurudisha nyuma. Mvua ikinyesha, rimu zikiwa na maji breki zinachelewa kushika, kwa hiyo anza kuzigusa mapema zipanguse maji kabla hujafika unapotaka kusimama.

Haya, barabarani. Kuna imani kwamba ni salama kuendesha ukiangaliana na magari ili uyaone yanakuja. Kwa mtembea kwa miguu sawa, kwa baiskeli ni hatari kabisa. Chukua gari la kilomita 50 kwa saa na wewe wa 15. Mkienda upande mmoja, linakukaribia kwa 35. Mkikutana uso kwa uso mnakaribiana kwa 65. Muda wa dereva kukuona na kukukwepa unapungua karibu nusu. Halafu dereva anayeingia kutoka barabara ya pembeni anaangalia magari yanakotokea, haangalii upande wako wewe. Kaa kushoto, elekea magari yanakoelekea.

Lakini kushoto siyo kwenye mtaro! Ukijibana ukingoni kabisa, kila shimo litakurudisha barabarani ghafla na aliye nyuma hakutegemea. Nyoosha njia yako, usiyumbe. Kwenye magari yaliyopaki acha nafasi ya kama mita moja, maana mlango unafunguliwa bila hodi. Na daladala ikiwa kituoni usipite kati yake na kituo, abiria wanaruka tu.

Kubwa kuliko yote: lori au basi refu likiwa linakata kona kushoto, usijipenyeze ubavuni kwake. Dereva hakuoni hapo. Tairi za mbele zikishapita, za nyuma zinakata kona fupi zaidi na kufunga ile nafasi uliyoingia. Kaa nyuma, liache lipite. Hakuna dakika moja yenye thamani ya roho yako.

Usiku weka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na rifleka. Watu wanadhani taa ni ya kuwasaidia wao kuona. Barabara ya mjini utaiona hata bila taa. Taa ni ya wewe kuonekana. Kofia ngumu pia siyo ya wazungu peke yao.

Kuhusu njia, Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 Barabara ya Morogoro ilipata pia njia za baiskeli pembeni, na Dar ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Tatizo ni kwamba njia hizo mara nyingi unakuta bodaboda zimepaki na meza za biashara zimepangwa. Hata hivyo usikimbilie kwenye njia ya mabasi. Pita taratibu, piga kengele, omba njia.

Jasho nalo lina dawa. Begi mgongoni ndilo linalolowesha shati, kwa hiyo mzigo funga kwenye keria. Toka mapema, dakika kumi za mwisho punguza mwendo, na shati la kazini livae ukishafika. Ukipaki, kufuli ipite kwenye fremu na nguzo, siyo kwenye tairi tu, maana tairi linafunguliwa wakakuachia hilo hilo.

Ukishazoea siku za kazi, utashangaa Jumapili asubuhi unaitafuta mwenyewe. Barabara tupu, upepo wa bahari, washkaji watatu wanne mnakwenda mpaka Coco Beach mnakunywa madafu mnarudi. Hapo imeshakuwa starehe, siyo shida ya nauli tena. Na wale wanaosema baiskeli ni ya wauza maziwa waache waseme wakiwa kwenye foleni, teh teh teh!

Sasa nyie wa Mwanza, Tabora, Zenji na kwingineko, huko kwenu njia zikoje? Na akina dada mnaoendesha mjini, semeni mnakutana na nini, maana nyie hamsikiki sana. Dondosheni maoni hapo chini.

Nawasilisha.